Fairlady Z yangu ya viti viwili na harusi ya dada yangu Wairimu

Wakuu, niaje. Kaeni vizuri, hii ni ndefu kidogo.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Naona mkibishana kuhusu turbo na rim, nacheka, nalala. Leo wacha niwape yangu, na siongezi chumvi. Waliokuwa kwa hiyo harusi ni wengi na najua wengine wako hapa, wakiona nimepotoka wanirekebishe.

Gari ni Fairlady Z. Ile mpya. Rangi ya machungwa, V6, manual, gia sita.

Msiniulize bei, nitawanyima.

Kwa wale hawajui historia: kulikuwa na Zed ya kwanza, 240Z, ile ya boneti ndefu na mgongo wa kuteremka. Hiyo ilikuja Safari Rally miaka ya sabini, ikapiga matope ya Kenya na ikashinda. Baadaye zikatengenezwa zingine, halafu jina likapotea sokoni kidogo. Waliporudi na hii mpya, Wajapani walifanya kitu moja smart sana. Walichukua sura ya ile ya zamani na kuiweka kwa gari ya kisasa. Boneti ni ileile ndefu na mgongo ni uleule, ni vile tu imenenepa kidogo, si unajua vile mtoto hula vizuri kuliko babake.

Sasa, kwetu sisi hiyo gari ilikuwa hadithi ya nyumbani. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Akiwa kijana, kila Pasaka alikuwa anasimama kando ya barabara huko juu Limuru kungoja magari ya Safari. Aliiona Zed ikipita. Hiyo kitu ametuambia tukiwa watoto mpaka tukaijua kama sala ya chakula. Kwa hivyo watu wakiniuliza mbona sikununua gari ya maana, ya kubeba watu, jibu ndilo hilo. Niliichagua kwa sababu ya mzee.

Nilienda kuichukua Mombasa mwenyewe. Nilirudi Nairobi nikitabasamu peke yangu kama mtu ako na kichaa. Pale Westlands ninapofanya kazi, askari wa parking alikuwa ananiita "wewe wa pick-up". Siku ya kwanza na Zed alinipigia saluti na kunitafutia nafasi chini ya kivuli. Jamani, nilijisikia. Sitadanganya hapa eti nilikuwa humble. Nilikuwa nazunguka round ya pili pale Kenyatta Avenue bila sababu yoyote.

Sasa tuje kwa mambo yenyewe.

Wakati gari ilifika, nyumbani kulikuwa na moto. Wairimu, dada yangu mkubwa, alikuwa anaolewa. Mnajua kamati za harusi za hii Nairobi. Hii yetu ilikuwa inakutana Westlands kwa hoteli fulani, vijana watupu, na chairlady wao alikuwa Shiro, rafiki ya Wairimu tangu shule. Msichana mzuri sana, lakini akiwa na biro mkononi anageuka kuwa DC.

Hiyo kamati ilipanga kila kitu. Keki, hema, mpiga picha. Halafu ikapanga pia wazee. Ikaamua kwamba Uncle Njoroge, ndugu mdogo wa mzee, ndiye ataongea kwa niaba ya familia kwa sababu amezoea mike. Hakuna mtu alienda Kinoo kumuuliza mzee. Alisikia kutoka kwa Njoroge mwenyewe, ambaye alikuja kumwonyesha suti.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi huyo ataongea ndiye ampeleke kanisani pia. Mimi nitakuja kama mgeni."

Tulidhani ni hasira ya siku moja. Wapi. Mathe, yaani mama, aliongea naye, pastor aliongea naye, mimi nikaongea naye. Shiro alikuja mpaka Kinoo akapiga magoti kwa sitting room. Mzee alimwambia ainuke asichafue nguo, akamwitishia chai, na hakubadilisha neno.

Muelewe kitu moja hapa. Wairimu ni first born, na ameitwa jina la nyanya yetu, mama yake mzee. Kwa hivyo mzee hamwiti Wairimu. Anamwita "maitu", yaani mama. Tangu akiwa mtoto ni maitu njoo, maitu umekula? Yeye naye alikuwa anataka kitu moja tu kwa hiyo harusi yote, aingie kanisani ameshikwa mkono na babake. Keki wangeweza kula wenyewe. Usiku alikuwa ananipigia simu akilia.

Hiyo wiki ndiyo nilifikisha Zed nyumbani. Mathe alitoka jikoni na aproni, akaweka mkono kwa boneti na kuiombea, vile anaombea kila gari mpya inaingia hiyo boma. Mzee alikuja, akachungulia ndani kupitia dirisha.

"Na watu watakaa wapi?"

Akaenda kwa ng'ombe.

Wakuu, hiyo iliniuma. Hakuzunguka gari. Hakuangalia hata mgongo. Alikuwa na hasira ya harusi na ilikuwa imemfunika macho. Nikafunika gari na canvas nyuma ya nyumba.

Kumbe kule Westlands kamati ilikuwa imeshaamua Zed ndiyo gari ya bibi harusi. Nilikuwa nimewatumia picha moja kwa email, imepigwa kutoka mbele. Waliona boneti, wakapagawa. Hakuna mtu aliuliza nyuma kuko aje. Na mimi nilijua naendesha, Wairimu anakaa kando yangu, tumemaliza. Wao walikuwa wamepanga Wairimu, maid wake wa kumsimamia na Uncle Njoroge wote waingie humo.

Tukagundua asubuhi ya harusi, getini.

Hebu oneni: boma imejaa, akina tata, yaani shangazi zetu, wanaimba, Wairimu ametoka na gauni, na hiyo gauni peke yake ilihitaji kiti yake. Shiro anafungua mlango wa Zed na kuinama kutafuta kiti cha nyuma. Alikaa ameinama kwa muda. Aliposimama hakuwa DC tena.

Sasa shida haikuwa maid, huyo aliingia kwa gari lingine. Shida ni kwamba kwetu bibi harusi hatoki kwa boma ya babake na dereva tu. Anatoka na yule atampeana kanisani. Wanapanda pamoja hapo getini, watu wote wakiona. Akina tata walisimamisha nyimbo. Tata mmoja akasema wazi kwamba gari bila mtu wa kumpeana haifunguliwi geti, hata iwe ni ndege.

Nikasema tutumie gari lingine basi. Ribbon zilikuwa zimefungwa kwa Zed, mpiga picha ameanza kazi. Shiro akasema hapana, Uncle Njoroge aendeshe.

Uncle alikubali haraka sana. Akajaribu kuingia. Wakuu, Zed ni chini, na uncle ni mtu wa nyama choma. Aliingiza mguu, akaingiza kichwa, tumbo ikakataa stiringi. Tulipomsukumia kiti nyuma akaingia, lakini sasa mguu haufiki kwa klachi vizuri. Na mtu amezoea automatic. Akawasha, ikaruka kama chura, ikazima. Akawasha tena, ikazima. Alizima hiyo gari mpaka watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ilibidi watu wawili wamvute atoke, na suti ikapasuka mahali sitataja.

Mzee hayo yote alikuwa anayatazama. Unajua alikuwa wapi? Kwa zizi, na gumboots, anakatia ng'ombe majani ya nepia. Siku ya harusi ya binti yake. Makusudi kabisa.

Wairimu alishika gauni kwa mikono miwili, akatembea na viatu vyeupe kwa hiyo matope mpaka zizini. Alimwambia, "Baba, sitoki kwa hii boma na mtu mwingine. Kama huji, wacha wakule chakula waende."

Mzee aliweka panga chini. Aliangalia viatu vya Wairimu. Akasema, "Maitu, umechafuka," na akaingia kwa nyumba.

Hatukujua kama amekataa ama amekubali. Mathe peke yake ndiye alikuwa ametulia. Kumbe alikuwa amepiga suti ya mzee pasi tangu Alhamisi na kuiweka kwa mlango wa bedroom.

Alitoka amevaa. Wakuu, mzee wangu akivaa suti ni mtu mwingine. Akakuja kwa gari, na sasa ndiyo aliiona. Alianzia mbele, akafuata boneti na mkono polepole, akapanda na paa, akateremka na mgongo mpaka nyuma. Akarudi nyuma hatua kidogo na kuinamisha kichwa.

"Hii ni ile," akasema. "Wameirudisha."

Nikamwambia, "Ndiyo baba. Ni yako kuliko ni yangu."

Akanyoosha mkono. "Leta key."

Sikumfundisha kitu. Alisogeza kiti, akasogeza kioo, akajaribu gia zote sita gari ikiwa imezima, kama anasalimia watu. Akawasha. Ile sauti ya V6 ilipojaza boma, aliniangalia kupitia dirisha na nikaona meno yake yote. Sikumbuki mara ya mwisho kuyaona. Mimi na machozi yangu tukaenda kupanda basi ya kanisa na Uncle Njoroge.

Sasa sikieni. Kanisa liko town. Convoy imejipanga, hazard zinawaka, honi zinalia. Tumetoka Kinoo, tumefika Waiyaki Way. Badala ya kuelekea town, mzee akakunja kuelekea Limuru.

Convoy ikachanganyikiwa. Magari mengine yakamfuata, mengine yakaenda town. Wale walimfuata walirudi baada ya kidogo wakasema wamempoteza. Zed ilikuwa imeenda.

Tulifika kanisani bila bibi harusi. Bwana harusi amesimama mbele, shati imeloa. Pastor anaangalia saa. Simu ya Wairimu iko kwa mkoba wa maid. Tata fulani ameanza kunong'ona kwamba mzee ameiba mtoto wake, na mwingine anasema amefanya vizuri. Shiro alikuwa ameketi kwa ngazi za kanisa, viatu mkononi. Mimi nilikuwa naogopa, sitaficha. Mzee, barabara, gari ya nguvu hivyo, na gauni.

Halafu nikaisikia kabla sijaiona. Mtu mwenye Zed anajua sauti ya Zed yake. Ikaingia polepole, imejaa vumbi, ribbon moja imepotea njiani. Mzee akashuka, akafunga kifungo cha koti, akazunguka na kumfungulia maitu mlango. Wairimu alikuwa amelia mpaka makeup imeisha, na alikuwa anacheka. Waliingia wakiwa wameshikana mikono na kanisa lote likasimama.

Kwa reception Uncle Njoroge mwenyewe ndiye alimpelekea mzee mike. Mzee aliongea dakika mbili hivi. Alishukuru watu, alishukuru kamati, akasema chakula kisibaki. Shiro alilia kuliko bibi harusi.

Baadaye sana ndiyo Wairimu aliniambia walienda wapi. Mzee alimpeleka mpaka ile kona ya Limuru alikuwa anasimama akiwa kijana. Akaegesha kando na kuzima injini. Akamwambia, "Maitu, huko nyumbani siwezi kuongea na wewe, watu ni wengi. Hapa tuko wawili."

Halafu akamwambia kwamba wazee watamfundisha avumilie, na mambo madogo avumilie. Lakini akiona mambo si madogo, apige simu, saa yoyote.

"Nitakuja na hii gari. Haina kiti cha mtu wa kunishauri njiani."

Wakuu, nimeendesha hiyo gari mpaka Naivasha na kurudi, nimeipeleka kila mahali. Watu wananipigia honi, wengine wanapiga picha na simu. Najivunia, na nitajivunia bado. Lakini hakuna siku imenipa raha kama ile siku nilienda kwa basi.

Ndoa iko sawa, asanteni, bwanake ni mtu mzuri na mzee anampenda. Hata hivyo mimi natumia spare key, ile nyingine mzee alikataa kunirudishia. Anasema iko mahali inafaa kuwa.

Nilichojifunza: mzazi akinyamaza usimtumie kamati, mpe kazi. Na ukitaka kusikia mtu amebeba nini moyoni, usiende na wengi.

Sasa nyinyi. Kama mzee wako bado ako na nguvu ya klachi, mpe ufunguo Jumapili hii, kaa kiti cha abiria na usimwambie pa kwenda. Halafu rudi hapa utuandikie alikupeleka wapi.