Mnara Uliotokea Kwenye Nyasi

Shangazi Delia, Mungu ampe pumziko la milele, alitembea shambani kama mtu anayetembea ndani ya nyumba. Akifika mahali fulani penye nyasi tupu, aliinama kidogo. Ukimwuliza, alisema, "Mlango wa jikoni ulikuwa mfupi."

Ngome ya Carrowhusk ilibomolewa akiwa na mwaka mmoja, hakuweza kuikumbuka. Lakini alijua mawe yake yalikokwenda. Mengi yalitandikwa kwenye barabara ya mjini, mengine yakajenga zizi la baba yake. Moja lililochongwa uso wa mwanamke lilikuwa kwenye banda la jirani yao Tuohy, likiwatazama nguruwe wakila. Kilichobaki pale pale ni kipande cha ukuta, kimo cha mtu, kilichomezwa na miiba.

Aliyekuwa akimtafuta ni pacha wake. Walizaliwa Februari, Delia akalia, mwenzake hakulia. Maji ya ubatizo hayakumuwahi, na siku zile mtoto wa namna hiyo hakulazwa katika makaburi ya kanisa. Baba yao alimbeba alfajiri kabla ya kukamua ng'ombe, kama walivyofanya akina baba wote wa pale waliofiwa hivyo, katika kisanduku alichokipigilia misumari mwenyewe. Akamzika katikati ya mnara wa mashariki wa ngome. Hakuweka alama. Mnara wa ghorofa nne, nani angeupoteza? Mwaka uliofuata mwenye ardhi akayauza mawe. Baba alikuwa amekwenda hija ya siku tatu kisiwani, ya kufunga na kutembea miguu mitupu. Aliporudi, mahali pa mnara akakuta anga.

Hakuweza tena kuonyesha mahali. Siku alipokata roho alimwambia Delia, "Nilidhani kitu kikubwa vile hakipotei."

Delia aliishi na mdogo wake, Malachy; yeye hakuolewa, Malachy hakuoa. Mwaka wa ule ukame mkubwa, Malachy aliagiza tingatinga lije kulisawazisha shamba.

"Alhamisi," alisema, akimenya kiazi.

"Mpaka nimpate, Malachy."

"Dada, unamtafuta tangu mimi nina meno ya utotoni. Hata yule mchungaji na kondoo wake hakukawia hivyo."

"Biblia haisemi alikawia muda gani."

"Wala haisemi kwamba alikuwa na ng'ombe thelathini wasio na majani."

Delia akachukua rozari yake, akatoka.

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tisa. Jumatano, akiteremka mlima kutoka Misa ya asubuhi, alitazama bondeni akasimama. Ngome ilikuwa imelala shambani. Pale misingi ilipofukiwa, udongo ulikuwa haba na nyasi zilikuwa zimekufa kwanza, kwa hiyo kila ukuta ulionekana kama mstari wa manjano: ukumbi, ua, vyumba vya watu asiowajua. Aliona kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiinama katikati ya ukumbi. Akacheka peke yake. Kisha akaiona, upande wa mashariki, duara kamili.

Aliteremka taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Malachy alimkuta amepiga magoti.

"Naona nyasi zilizokufa tu," alisema.

"Panda juu ya tela, utazame kutoka juu."

Alipanda. Akatazama chini, kisha akavua kofia.

"Ni padogo," alisema. "Nilidhani mnara ni kitu kikubwa."

"Kwake panatosha."

Malachy akaenda kuleta nguzo na waya. Siku ya pili dereva wa tingatinga alifika, akaona uzio wa mviringo, akazima injini.

"Hapa nifanyeje, mzee?"

"Zunguka."

"Kuna nini?"

"Dada yetu."

Dereva akafanya ishara ya msalaba, akageuza mtambo.

Jumapili Delia alimfuata padri sakristia, chumba anachovulia mavazi ya Misa. Padri alikuwa kijana, wa mafundisho mapya. Alimwambia kwa upole kwamba mtoto yule hahitaji maji tena. Mungu alishamchukua siku ile ile aliyozaliwa.

"Najua, Padri," Delia akasema. "Wewe njoo nayo hivyo hivyo."

Padri akayaleta kwenye chupa ya dawa, na Malachy akamfungulia waya apite.