Mbio Zisizo na Sababu

Huku Genkuru mtu mzima hakimbii hivi hivi. Ukikimbia, basi ama ng'ombe wameibiwa, ama mvua imekukuta na mihogo bado iko juani, ama umetoka kuokota mawe kwenye kifusi cha mgodi na mlinzi yuko nyuma yako. Nje ya hapo watu wanatembea. Na mwanaume akishapata ng'ombe wa kutosha, hata kutembea anapunguza.

Wegesa, mke wa Nchagwa, alianza kukimbia kwa sababu ya ndama. Asubuhi hiyo ndama alikata kamba akashuka nayo bondeni, Wegesa akamfukuza. Nchagwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akisimamia kazi ya kukamua, maana kazi bila msimamizi haiendi. Akapiga kelele, "Mama Sarah, pita kulia! Kulia!" Wegesa akapita kushoto, akamkamata ndama, akamfunga kwenye mti. Halafu, badala ya kurudi, akaendelea kukimbia. Mwenyewe hakujua kwa nini. Miguu ilikuwa imeshapata moto, na njia ya kupanda kilimani ilikuwa mbele yake, tupu.

Kule juu alisimama akihema, jasho likimwingia machoni, na akagundua jambo ambalo hakuwa amelipata tangu aolewe: hakuna mtu aliyekuwa anamwita. Nyumbani wanaanza kumwita jogoo hajamaliza kuwika. Mama, daftari langu liko wapi. Mama Sarah, maji ya kuoga. Mkwe, huu uji mbona hauna ndimu. Kuna kukamua, kuna maandazi ya kuwauzia vijana wa zamu ya mgodini, kuna shamba, kuna kuni, na jioni kuna kwaya. Akacheka peke yake. Akasema, "Mungu, asante kwa magoti haya," akashuka.

Kesho yake akakimbia tena, na ndama alikuwa amefungwa vizuri.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jirani yake, Efrazia, alimwona akipita mbio alfajiri. Hakuuliza, akapiga yowe. Na yowe huku haliulizwi, linaitikiwa. Wanaume wakatoka na mishale na mikuki, mmoja na shuka tu, wakamkuta Wegesa njiani anarudi.

"Wamepita wapi?"

"Akina nani?"

"Wezi!"

"Mimi sijaona wezi."

"Sasa wewe ulikuwa unafukuza nini?"

"Sifukuzi kitu."

"Basi nani anakufukuza?"

"Hakuna."

Wakatazamana. Mwizi wangejua la kumfanya. Mtu anayekimbia bila mwizi hawakuwa na dawa yake.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Magige, akaita mkutano. Watu walijaa kuliko siku ya mkutano wa maji. Nchagwa akapewa benchi la mbele, kama mfiwa. Akasimama kabla hajaulizwa. "Ndugu zangu, mimi sijampiga," akasema, akakaa.

"Mama Sarah," Magige akaanza, "sema mbele ya watu. Unakimbia kwa sababu gani?"

"Nafurahi, mwenyekiti."

"Umevuna?"

"Bado."

"Umeoza binti?"

"Sarah yuko darasa la tano."

"Sasa furaha ya nini?"

"Ya kukimbia. Nikifika juu nashukuru Mungu, narudi kazini. Kuna kazi yangu imelala?"

Mzee mmoja akasema kushukuru kuna siku yake, Jumapili, tena watu wanashukuru wamekaa. Wakubwa wakanong'onezana muda mrefu, kisha Magige akatoa uamuzi: akimbie, ila abebe kitu, ili anayemwona ajue ametumwa. Mwanamke mwenye mzigo haulizwi swali. Asipobeba, basi asikimbie tena.

Wegesa akakubali. Heri kukimbia na dumu mkononi kuliko kukaa.

Siku ya kwanza alibeba dumu tupu. Siku ya pili Efrazia akamsubiri njiani. "Dada Wegesa, kwa kuwa unakimbia tu, nipitishie hili jembe kwa fundi." Baadaye zikaja simu za kupeleka chaji, unga wa jirani Amos wa kutoa mashineni, salamu za msiba, mbegu. Kijiji kikamsifu. "Nchagwa, wewe umeoa!" Naye Nchagwa, kama mtu aliyenunua pikipiki, akawa anapokea mizigo pale pale kwenye kigoda. "Leteni mapema, jamani, asije akachelewa."

Asubuhi moja Wegesa alifika juu akasimama akingoja ile furaha. Haikuja. Alikuwa anawaza simu ipi ni ya nani. Akafumbua mdomo kushukuru, akajikuta anahesabu mizigo. Akajua kwamba hata huku juu sasa wameshafika kumwita.

Kesho yake alipewa jembe, unga, simu mbili na kuku wa Efrazia aliyefungwa miguu. Hakwenda kilimani. Alikwenda moja kwa moja kwa Magige, akamkuta anakunywa uji uani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Sarah. Umeniletea kuku?"

"Hapana. Ulisema nibebe kitu, watu wajue nimetumwa. Wamejua, wananituma mpaka furaha imekwisha. Naviacha hapa kwako. Nikishuka nitavichukua."

Mzee hajameza bado, Wegesa yuko njiani.

Mwanzoni mikono ilimsumbua, hakujua aiweke wapi. Kisha ikajua yenyewe. Kule juu kulikuwa na baridi nzuri. Akashukuru kwa magoti, kwa pumzi, kwa Sarah anayejua kusoma. Akamshukuru Mungu hata kwa Nchagwa, ambaye kutoka pale alionekana mdogo sana na hasikiki.

Aliposhuka, uani kwa Magige kumejaa watu. Amos anadai unga wake, simu zinaita, kuku amefunguka miguu na kumwaga uji. Mama mmoja alikuwa anamwambia, "Mwenyekiti, kwa kuwa umesimama tu, nipelekee na hiki kikapu." Jasho lilimtoka Magige kama mtu aliyepanda kilima mara mbili.

Akamvuta Wegesa pembeni. "Kesho usiniletee vitu hapa."

"Nikimbie mikono mitupu?"

Mzee akageuka kuangalia kama kuna anayesikiliza. "Mimi sijasema hivyo. Mkutano ulishaamua. Lakini kuna njia ile ya nyuma ya shule. Kule mimi sioni, na nisichokiona sina hukumu nacho."

"Asante, mwenyekiti."

"Nenda. Na huyo kuku mpeleke mwenyewe, tena mpeleke taratibu."

Njia ya nyuma ya shule ni ndefu kuliko ile nyingine, na ina vilima viwili badala ya kimoja. Wegesa alilijua hilo vizuri. Akambana kuku kwapani, akaondoka akitembea kama watu wote.