Kunguru wa Siku ya Babu

Harufu ya maziwa yanayochemka na iliki, yakiwa yameanza kushika chini ya sufuria, hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Kilwa Kivinje, mwezi wa tisa, nikiwa darasa la tatu. Yetu ndiyo nyumba pekee ya Wahindu iliyobaki mjini. Ba, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, alisema alipoletwa kuolewa pale, siku kama hizo harufu hiyo ilitoka katika nyumba za mtaa mzima, na hekalu dogo nyuma ya soko lilikuwa na mtu wake wa kupiga kengele. Mimi nililikuta hekalu limefungwa kwa kufuli lenye kutu, na ndani wamejaa popo. Baba yangu, Kishor, alikuwa na duka la vitambaa na nyuzi. Mama alishona. Kaka na dada sikuwa nao, na shuleni jina langu ndilo pekee ambalo mwalimu alilisoma mara mbili kila asubuhi, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Kila mwaka tuna wiki mbili za kuwalisha wafu wetu. Kila marehemu ana siku yake, inayohesabiwa kwa mwezi wa angani, na siku hiyo hupikwa alichokipenda. Babu alipenda wali wa maziwa na mikate myembamba ya kukaanga. Sehemu ya kwanza ni ya kunguru, kwa kuwa kunguru ndiye anayewafikishia wafu chakula, na mpaka kunguru ale, nyumba nzima haigusi kitu. Ba alikuwa akipanda kwenye paa la sementi la stoo yetu, anaweka bakuli, kisha anawaita kunguru kwa lugha yetu, "Kaagvaas, kaagvaas." Hakuwa na haja ya kuita mara ya pili. Kunguru wa Kivinje hawakuwa na haya. Waliiba dagaa kwenye vichanja na vifaranga uani kwa watu. Wenyeji walisema ndege hao walitoka India kama sisi, na wavulana wa darasa letu wakimwona kunguru juu ya bati waliniambia, "Wee Jigar, mwambie shemeji yako ashuke." Nilicheka nao. Nisipocheka iliendelea muda mrefu zaidi.

Mwaka huo kunguru waliuawa. Walikuja watu na nyama yenye sumu, wakaitega jalalani na karibu na soko la samaki, na kwa siku chache tulikuwa tukiokota mizoga mpaka mlangoni. Jirani yetu Bi Somoe, aliyefuga kuku, alishukuru Mungu kwa sauti iliyofika kwetu. Mimi nilifurahi pia, nikidhani nitapumzika na yale maneno ya shemeji. Sikufikiria siku ya babu.

Nyumbani kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Baba alitaka tuhamie Dar es Salaam, kwa mdogo wake. Huko, alisema, kuna hekalu lililo wazi, kuna hospitali ya kumtibu Ba kisukari chake, na kuna watoto wa kucheza na huyu. Huyu ndiye mimi. Kila niliposikia sehemu hiyo nilinyamaza ili aiseme tena. Marobota ya vitambaa yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa kamba. Kilichobaki ni Ba kukubali, na Ba alisema hawezi kuihama nyumba ya mumewe bila kumuuliza. "Siku yake inakuja," alimwambia baba. "Akila hapa, bado yuko hapa, na mimi nabaki naye. Asipokula, ameshaondoka kabla yetu. Nitafunga mizigo mwenyewe."

Siku yenyewe maziwa yaliletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Kiranjeranje, mama akapika, Ba akaoga, akavaa sari yake nyeupe, akapanda na bakuli. Aliita. Akaita tena. Hakikuja kitu ila nzi. Kufika saa tano sauti yake ilikuwa imekauka, na Bi Somoe akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Kishor, unamwita nani tangu asubuhi?"

"Kunguru."

"Kunguru si wamekufa jamani? Ngoja nikuletee jogoo wangu. Naye ana mabawa."

"Jogoo haendi popote, Somoe," Ba alisema. "Kunguru lazima aende."

Bi Somoe alitaka kucheka, lakini akamwangalia Ba usoni, akaacha. Adhuhuri alirudi kuuliza kama Ba amekula. Baba naye alimsihi ale kidogo tu, kwa ajili ya dawa. Ba alimjibu, "Baba yako hajala." Hakuna aliyegusa sufuria. Harufu ya iliki ilikuwa nyumba nzima, na matumbo yetu yalilia mpaka tukaona aibu kutazamana.

Alasiri Ba alishindwa kupanda tena. Aliketi kwenye benchi la uani, akanituma mimi nipande nikaangalie. Nilikaa juu ya stoo kando ya bakuli. Sisimizi walikuwa wameanza kupanga mstari. Angani hakukuwa na doa. Nilijua kwamba nikishuka na kusema ukweli, tutaondoka, na mimi nitapata watoto wanaojua jina langu. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka tu. Lakini kutoka pale juu nilimwona Ba akishika kikombe cha maji kwa mikono miwili, na maji yakimwagika kwenye sari kwa jinsi alivyotetemeka. Nikala. Nilikula chakula cha babu yangu haraka, kwa mkono, nikararua mkate na kutupa vipande huku na huku kama ambavyo kunguru angefanya. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wamekula?" Ba aliniuliza.

"Wamekula."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja anatosha." Akanawa mikono, akala, na rangi ikamrudia. Alipomaliza alimwambia baba, bila ubishi wowote, "Kesho fungua marobota." Baba alinitazama kidogo, kisha akaenda kutafuta kisu cha kukatia kamba.

Ba aliishi miaka sita baada ya hapo, na sikumwambia. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki dukani, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha na alitaka mtu wa karibu. Alipokufa tulikuwa na wanaume wawili tu wa kubeba, baba na mimi, hivyo wanaume wa mtaa walibeba nasi, wakaleta na kuni za mikorosho, kisha wakasimama mbali kidogo mpaka moto ukashika. Mwaka uliofuata baba na mama walihamia Dar es Salaam. Mimi nilikataa. Niliwaambia ni kwa ajili ya duka. Ba alibaki hapa kwa neno langu, na sikujua ningeondokaje.

Mwaka huu, siku ya Ba, nilipika mwenyewe. Kunguru wamerudi mjini kidogo kidogo. Wawili walitua kwenye waya wa umeme, wakalitazama bakuli, wasishuke. Simu ikaita. Ilikuwa baba.

"Wamekula?"

"Bado, baba."

"Bado?"

"Bado."

"Haya. Na sisi huku tunangoja." Nikasikia mama akifunika sufuria, kisha simu ikakatika. Nilikaa kwenye sementi. Zamani tulikuwa watu wanne wenye njaa katika nyumba moja, na mimi nilishindwa kungoja mpaka jua lizame. Sasa chini hakuna mtu, duka limefungwa, na hakuna anayetetemeka. Wale wawili walihamia kwenye ukuta wa Bi Somoe, wakarudi kwenye waya. Bakuli lilikuwa mbele yangu. Sikuligusa.