Garantii ya Nukta Tatu

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukapita mtaa wa magunia na ule wa vyombo vya plastiki, ukaingia Ilala, utakuta uwanja mdogo wa mafundi. Kuna wa breki, kuna wa ekzosi, kuna wa viti. Mwisho kabisa, ukutani, chini ya bati lililotoboka pembeni, ndipo alipo Mzee Ismail, fundi rejeta. Ana miaka thelathini na nane palepale.

Kazi aliirithi kwa baba yake, ingawa baba yake hakuwahi kugusa gari. Yule alikuwa mtia bati wa masufuria ya shaba huko Magomeni, zamani, wakati kila nyumba ina sufuria la shaba la kupikia pilau ya arusi. Masufuria ya shaba yalipopotea, Ismail akajiuliza, shaba nyingine iko wapi? Akaiona kwenye magari. Rejeta za zamani ni shaba tupu, mirija yake na tangi lake, na shaba inakubali lehemu kama sufuria tu. Basi akahamisha jiko la mkaa na chuma chake cha lehemu, akawa fundi.

Na alikuwa na jambo moja ambalo wenzake walimcheka nalo. Rejeta aliyoitengeneza anaigonga nukta tatu ndogo pembeni kwa msumari, kisha anamwambia mwenye gari, "Miezi sita. Ikivuja kabla, rudi, sikudai hata mia." Hakuna karatasi wala muhuri, ni nukta tatu tu.

Sasa siku hizi magari mengi rejeta zake ni za alumini na plastiki. Hizo hazishiki lehemu, zikivuja zinatupwa. Wiki inaweza kupita Mzee Ismail anapangusa vyombo tu. Mwenye uwanja alishamwambia kwa upole kwamba ikifika mwisho wa Januari na kazi ndiyo hii, ampishe muosha magari.

Tumaini lake lilikuwa moja, nalo aliliandika ukutani kwa chaki: *Mama Steven, 10/1*.

Mama Steven ni Hyasinta, mwenyeji wa Kibosho, muuza madaftari ya jumla Kariakoo. Mwezi wa saba alimletea rejeta ya pikapu yake, ya shaba, akalipa elfu sitini baada ya kubembelezana mpaka chai ikapoa. Alipoambiwa habari ya miezi sita akacheka. "Haya, tuone. Ikifika miezi sita haijadondosha tone, nakuletea na magari yangu mawili mengine, na la kaka yangu Leodegar. Yote mazee kama wewe."

Magari matatu ya mizigo! Hayo yangetosha kumweka pale ukutani. Kila asubuhi Mzee Ismail akawa anaitazama ile chaki.

Zilipobaki siku kumi na mbili, Hyasinta akaingia uwanjani kwa miguu, kanga begani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama Steven. Mbona kwa miguu?"

"Gari liko nje, limevutwa kwa kamba. Limechemka Jangwani, katikati ya barabara, na maboksi hamsini ya madaftari mgongoni. Na shule zinakaribia kufunguliwa! Garantii yangu haijaisha, nimehesabu."

"Hata mimi nimehesabu," akasema Mzee Ismail, akaonyesha ukutani. Sauti ilimtoka ndogo.

Shaibu, fundi wa ekzosi wa kibanda cha mbele, rika lake na mtani wake, akanyanyua kichwa. "Mama, si ungenunua mpya tu pale kwenu Kariakoo?"

"Mpya ni laki tatu na nusu, na risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti zangu mwenyewe zimeandikwa hivyohivyo, kwa hiyo maana yake naijua vizuri."

Uwanja mzima ukacheka, Hyasinta naye akacheka, ila macho yake yalikuwa nje, kwenye gari.

Mzee Ismail aliishusha rejeta mwenyewe, pole pole. Injini ilikuwa nzima, alishukuru Mungu, maana kama ingeungua kwa joto, gharama zake zingekuwa nyingine kabisa. Akamimina kiganjani maji kidogo yaliyobaki ndani. Yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Chumvi," akasema.

Shaibu akamsogelea, akamnong'oneza, "Umepona, sheikh. Maji ya kisima hayo. Mwambie kaharibu mwenyewe, garantii imekufa, yaishe."

Hakumjibu. Aliiziba mirija ya kuingilia na kutokea, akaichovya rejeta kwenye nusu pipa lake la maji, akashika pampu ya baiskeli, akaanza kujaza upepo. Hyasinta akainama kutazama. Viputo vikatoka katikati, kwenye mirija, vidogo vidogo, mfululizo.

"Pale!" akasema Hyasinta.

"Pale," akaitikia Mzee Ismail.

Lakini palikuwa na kiputo kingine. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimeshika kona, chini ya tangi la juu, na chini ya kidole kile alisikia upepo unamtekenya. Ile ni kona ya lehemu yake. Akaikumbuka siku yenyewe: mkaa ulikuwa umepungua, chuma kimeanza kupoa, naye akajisemea itashika tu, akagonga nukta tatu.

Hakuna aliyeona. Kidole kimefunika. Angeweza kukiacha palepale, akatoa rejeta majini, akasema chumvi, na chumvi ni kweli. Magari matatu yangekuja. Akaitazama chaki. Akazitazama zile nukta, ziko karibu kabisa na kidole chake, zinamtazama nazo.

Akanyanyua kidole.

Kiputo kikapanda, kikubwa, kikapasuka juu ya maji.

"Mama Steven," akasema, "tundu la katikati ni la kwako. Hili la pembeni ni la kwangu."

Shaibu akajishika kichwa. "Mzee huyu jamani!"

Hyasinta akainua macho kutoka majini. "La kwangu vipi?"

"Maji unayotia unayatoa wapi?"

"Kisimani, uani kwangu Magomeni. Bomba lina miezi minne halijatoka."

"Yale yana chumvi. Yanakula shaba kama mchwa anavyokula mlango."

"Nilijua hayanyweki," akasema Hyasinta. "Sikujua gari nalo linachagua! Kwetu Kibosho unachota mfereji wowote unatia, gari linaenda mpaka lizeeke. Maji ni maji. Mbona hukuniambia?"

Mzee Ismail akaitoa rejeta majini. Miaka yote hii hakuwahi kumwambia mtu. Yeye kazaliwa Magomeni; tangu mtoto anajua kwamba cha kisimani ni cha kufulia, na chombo cha shaba hakioshwi kwa maji yale. Alidhani kila mtu anajua. Hakuwahi kufikiria kwamba jijini hapa wamejaa watu waliokua kwenye maji matamu.

"Hilo nalo ni la kwangu," akasema.

"Basi una mawili, mimi nina moja," akasema Hyasinta haraka haraka, biashara imeshamrudia usoni. "Tunafanyaje?"

"Kona naifanya bure. Mirija iliyolika, utanunua shaba tu, elfu ishirini na tano, mkono wangu sikuhesabii. Kesho saa nne unaondoka."

"Na garantii inaanza upya."

"Upya, miezi sita. Ila kwa sharti: humo unatia maji ya rejeta ya dukani, yale ya kijani. Ukikosa, ya mvua. Ya kisima, hata kikombe kimoja, imekufa."

"Iandike hiyo, mzee wangu. Ya mdomo imetuponza."

"Mwandiko wangu huo…"

"Utasomeka." Akaenda kwenye pikapu, akachana boksi, akarudi na daftari jipya la kurasa sitini na nne. Mzee Ismail akakaa juu ya tairi, akaandika kwa herufi kubwa, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini kabisa akaweka nukta tatu za kalamu.

Hyasinta akausoma mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kuridhika, akamwachia daftari. Kisha akatoa simu, hata kwaheri bado.

"Leodegar? Lile gari lako la mzigo lipeleke Ilala, kwa mzee wa rejeta. Ndiyo, hii yangu imevuja… Sasa sikiliza kwanza, wewe! Ina tundu ambalo mimi sikuliona, kanionyesha mwenyewe. Umeshakutana na fundi wa namna hiyo hapa mjini? Haya. Usitie maji ya kisima."

Shaibu akaanza kurudi kwenye ekzosi yake, kisha akageuka. "Sheikh," akasema, "mimi nikiwaonyesha watu matundu yangu yote, nitafunga kibanda."

"Anza na moja," akasema Mzee Ismail, akipuliza mkaa. Safari hii aliujaza mpaka juu.

Alhamisi Leodegar akaleta gari, bwana mrefu mwenye haraka, funguo mkononi. Kabla hajamaliza kusema shikamoo, Mzee Ismail alishamnyooshea kikombe cha bati.

"Marahaba, baba. Onja kwanza."

Leodegar akaonja, uso ukamkunjamana. "Mzee, maji gani haya?"

"Ya kisima. Ndiyo garantii inaanzia hapo," akasema Mzee Ismail, akavuta daftari, akafungua ukurasa wa pili.