Mpaka Niliounyoosha Donholm

Nilifanya kazi miaka minne katika shirika la kuhifadhi ardhi ya kisiwa kimoja huko ziwani, na kisiwa chenyewe sikukikanyaga hata siku moja. Si mimi peke yangu. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Donholm, Nairobi, katika nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa ajili ya familia, na kati yetu sote tulioingia mle kila asubuhi na kusema "kisiwa chetu" kama mtu anavyosema "shamba letu", ni mkurugenzi tu aliyewahi kufika huko. Alikwenda mara moja. Mashua ilimtapisha njia nzima, akapiga picha nne ufuoni, akarudi bara kabla ya chakula cha mchana. Picha hizo nne ndizo tulizotumia miaka yote.

Tulimwita Daktari. Shahada yenyewe ilikuwa haijaisha, na kwa nilivyomjua isingeisha, lakini ukimwita vinginevyo hakusikii. Alizaliwa na kulelewa mtaa wa Ziwani, hapa hapa Nairobi, mtoto wa karani wa reli. Hakuna aibu katika hilo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kware, ghorofa ya sita, mahali ambapo jirani akikaanga vitunguu nguo zako zinanuka wiki nzima. Lakini wageni kutoka ng'ambo walipokuja, Daktari aliwatafsiria jina la mtaa wake neno kwa neno, wakaondoka wakiamini amezaliwa kando ya ziwa na uchungu wa ardhi ile ameunyonya kwa mama yake.

Chini yake alikuwapo afisa wa miradi, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kupandia milima kila siku ya kazi, ingawa mlima pekee niliomwona akiupanda ni ngazi za ofisi. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta. Nilipanga ripoti, kalenda na vijitabu. Faili tulizihifadhi bafuni, ghorofani, ndani ya hodhi la kuogea, kwa sababu kabati zilikuwa zimejaa fulana za shirika.

Kabla sijaajiriwa, mpimaji wa ardhi alikuwa amezunguka kisiwa kwa miguu pamoja na wazee wa huko, akachora mpaka wa hifadhi. Mpaka ule ulipinda. Ulizunguka jiwe, ukarudi nyuma kuliacha shamba la mtu, ukakwepa chemchemi, ukaingia ndani tena. Wazee waliweka alama za dole gumba pembeni mwa karatasi. Ilikuwa kazi ya mtu aliyesikiliza, na nadhani ndiyo kazi ya pekee ya maana iliyowahi kufanywa kwa jina la shirika lile.

Siku moja nilikuwa nikitengeneza jalada la kijitabu kipya. Daktari akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Hii laini imekaa kama mnyoo," akasema. "Wafadhili wataona hatujui tunachofanya. Inyooshe."

"Lakini ndivyo mpimaji alivyoichora, Daktari."

"Hii ni kava, si hati ya shamba. Inyooshe, na ile kijani uiongeze kidogo."

Nikainyoosha. Nilibofya hapa, nikavuta pale, na chai yangu ilikuwa bado moto nilipomaliza. Kusema kweli, niliona imependeza.

Vijitabu vilichapishwa, katoni kadhaa zikapelekwa kisiwani. Miezi michache baadaye ikawa wakati wa kuweka vigingi vya mpaka. Afisa wa miradi alitakiwa kuwatumia mafundi ramani ya mpimaji, lakini ramani ilikuwa hodhini, chini ya faili nyingi, na yeye hakutaka kuinama. Akawapigia simu.

"Tumieni ile iko kwa kijitabu," akawaambia. "Ni ile ile."

Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilisikia kila neno. Ningeinua kichwa niseme si ile ile. Sikuinua.

Halafu asubuhi moja akaja mama mmoja kutoka kisiwani. Alikuwa amejifunga leso juu ya rinda la kanisani, ameshika mfuko wa plastiki, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Alimwambia mlinzi anataka kuwaona wenye hifadhi. Akaambiwa angoje, kuna mkutano. Mkutano ulikuwapo kweli, nami nilikuwa ndani. Tulikuwa tukijadili namna ya kuisikiliza jamii. Tulibishana mpaka saa saba kama tuandike "jamii" au "wadau", na mama yule alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, kwenye kiti cha mbao, chini ya moja ya zile picha nne.

Walipomkaribisha hatimaye, alisema bila kuzunguka.

"Vigingi vyenu vimepita katikati ya shamba langu. Walinzi wanasema muhogo wangu uko ndani ya hifadhi. Wameung'oa wote. Na kwa chemchemi siruhusiwi kwenda."

"Pole sana, mama," Daktari akasema, ameunganisha vidole vyake mezani. "Tumeyapokea maoni yako."

"Si maoni. Ni muhogo."

Afisa wa miradi alikuwa ametoa simu. "Mama, hebu tabasamu kidogo, tukupige picha ya kumbukumbu." Yule mama alimtazama mpaka picha ikapigwa, na mdomo wake haukusogea.

Kisha akatoa kijitabu chetu kwenye mfuko, akakiweka mezani, akagusa ule mpaka kwa kidole. "Nani alichora hii?"

"Hiyo ni kazi ya wataalamu," Daktari akajibu. "Mambo ya setilaiti, mama."

Hakuniangalia alipokuwa akisema hivyo. Hakuwa na haja. Alijua nimekaa pale na alijua sitafungua mdomo, na katika hilo alinisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma ramani yoyote. Wakampa kofia ya shirika na kijitabu kingine kipya, wakamsindikiza hadi mlangoni.

Nilimfuata nje. Nilimkuta kando ya barabara akiwauliza watu magari ya kurudi mjini yanapandiwa wapi. Nikamwomba ale kwanza, tukaingia kibanda cha chakula kilicho karibu. Alipoanza kula nikamwambia.

"Mama, ule mpaka ni mimi niliuchora."

"Wewe?"

"Mimi. Niliambiwa niunyooshe."

"Umewahi kufika kwetu?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje hapo hakuna mtu?"

"Sikujua. Sikuuliza."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nadhani hata nilikuwa nataka kulia kidogo mbele yake, anione nina roho nzuri. Hakunipa nafasi hiyo. Alimega ugali wake mpaka ukaisha, akanawa mikono, akasema, "Kulikuwa na karatasi ya wazee. Marehemu mume wangu aliweka dole. Iko wapi?"

Nikarudi ofisini, nikapanda hadi bafuni. Niliitoa ile ramani chini ya faili, nikaizungushia gazeti, nikashuka ngazi kama mwizi wa kuku. Hakuna aliyeniuliza nimebeba nini. Daktari alikuwa kwenye simu akimweleza mtu kuhusu ndege wa kisiwani.

Mama aliikunjua juu ya meza ya kibanda. Alitafuta kwa kidole, polepole, mpaka akalifikia dole la mumewe, duara la wino lililofifia. Alilitazama kwa muda. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na ile kofia.

"Nionyeshe magari," akasema. Asante hakuitoa, na sikuistahili.

Ramani ile aliipeleka kwa chifu. Chifu akaitisha baraza, wazee waliobaki wakatambua alama zao mbele ya watu, na kabla mvua hazijaanza vigingi vikang'olewa na kurudishwa pale wazee walipokuwa wamekubaliana. Chemchemi akaipata. Muhogo ilibidi aanze upya.

Nilidhani Daktari ataona haya. Alituita mkutanoni anacheka. "Hii ni hadithi ya mafanikio," akasema. "Jamii imerekebisha mpaka yenyewe, kwa kuwezeshwa na sisi." Akaagiza ukurasa mzima katika ripoti ya mwaka, na picha ya yule mama.

Afisa wa miradi alikuja mezani kwangu kuitazama. "Amekunja uso sana," akasema. "Huwezi kumfanya atabasamu kidogo na hiyo kompyuta?"

Nilikataa. Ndicho kitu pekee nilichokataa kwa miaka minne, na nilitembea wiki nzima kama shujaa eti kwa sababu sikuuvuta mdomo wa mtu kwa kipanya. Sehemu iliyobaki ya ukurasa niliipanga vizuri, kichwa cha habari kwa herufi nene, na Daktari akanipongeza mbele ya wote. Nikapokea pongezi.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Hakuna aliyewahi kuuliza ramani ya mpimaji ilikwenda wapi. Sasa nina kibanda cha uchapishaji Kware, natengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Jina la marehemu likikosewa herufi moja, wanawe wanarudi siku hiyo hiyo wakiwa wamefura, wanasimama juu yangu mpaka nirekebishe.