Nepi Nilizokataa Kuzifua

Niliondoka Geita kwa sababu macho ya mwanangu Masanja, mwenye wiki saba, yalikuwa ya njano, na wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakija nyumbani kumgusa kichwa kabla ya kushuka shimoni. Walidai baba yake kamtoa kafara, hivyo dhahabu iko karibu. Mume wangu, mchimbaji kama wao, aliwafungulia mlango. Mama mkwe akasema mtoto wa namna hiyo hatolewi nyumbani. Nilimbeba mgongoni nikatoka mchana kweupe, wote wanione.

Kapuni nilitia nepi tatu chafu. Choo cha Masanja kilikuwa cheupe kama unga uliolowa, na zahanati walipoambiwa hawakuamini. Safari hii nilibeba ushahidi.

Barabara ya Kahama nilipata lori la pamba. Dereva alikunja pua. "Mayu, mama yangu, tupa huo mzigo, la sivyo panda juu." Nikapanda juu ya marobota na mwanangu, nimemfunika khanga, vumbi likitula.

Asubuhi ya pili tulifika hospitali, Shinyanga.

"Mama, hata kufua?" muuguzi alinikemea nilipozitoa nepi.

"Ningefua, mngeamini nini?"

Daktari alisikia, akaja akazifungua nepi mwenyewe. Hakucheka. Alimpima Masanja damu na tumbo, mchana akarudi na majibu.

"Mama Masanja, njia ya kupitisha nyongo kutoka kwenye ini imeziba. Nyongo ndiyo hukipa choo rangi. Ikikosa pa kupita, inarudi kwenye damu, macho yanakuwa ya njano."

"Nimemkosea nini?"

"Hujamkosea. Sababu hatuijui. Wengine wanadhani kirusi humpata mtoto kwanza, kisha kinga ya mwili, ikipambana nacho, inaigeukia njia yake yenyewe ya nyongo na kuiharibu. Ni dhana tu."

"Basi si kafara."

"Si kafara. Ila ini linaumia kila siku. Dar es Salaam yupo daktari anayeweza kuunganisha utumbo na ini. Siahidi kitu."

Niliipenda ile "hatuijui" yake kuliko uhakika wote wa Geita. Jioni hiyo hiyo tukapanda treni.

Dar es Salaam walimpasua. Siku chache baadaye nilifungua nepi nikakuta choo cha njano, nikalia kwa sauti wodi nzima ikageuka. Daktari alinionya kwamba ini linaweza kuchoka tena, na kliniki nisikose. Nikasema sitakosa, hata kwa miguu.

Tuliporudi Geita, wachimbaji walikuwa mlangoni. Njiani nilikuwa nimejifunza kwamba kutojua si aibu; aibu ni kumfanya mtoto mgonjwa hirizi. Mmoja alinyoosha mkono kwenye kichwa cha Masanja. Nikamwekea nepi chafu mkononi.

"Njano ya macho imehamia humo. Nenda nayo shimoni."

Aliruka nyuma, nepi ikaanguka. Hakuna aliyecheka. Baba Masanja aliinama akaiokota, akachota maji, akakaa pale pale mbele ya wenzake akaanza kuifua.