Nilimfundisha Mwenyewe Kusema "Ndiyo, Mwalimu"

Ndugu wasomaji, wenye ukurasa huu nimewaomba wafiche jina langu, wamekubali. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tano, mkimbizi kutoka Burundi, naishi na mume wangu na watoto wanne kwenye makazi ya wakimbizi huku mkoani Tabora. Shule sikuingia. Kuandika nimejifunza hapa hapa, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mnivumilie uandishi.

Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la nne. Alipoanza shule Kiswahili kilimshinda, akawa analia. Nikamwambia, mwanangu, sisi hapa wageni, tusionekane wakaidi. Ukiulizwa jambo hukulielewa, inamisha kichwa useme, "Ndiyo, mwalimu." Nilimfundisha kwa mdomo wangu huu, jikoni, huku nasonga ugali. Wenzake wakamwita Bibi Ndiyo, nasi nyumbani tukacheka.

Pale shuleni wasichana ndio huwachotea walimu maji. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alimwambia binti yangu ndoo aiingize ndani ya nyumba yake, kisha akafunga mlango, akamshika. Mungu mkubwa, jirani akapiga hodi, mtoto akachomoka. Alifika nyumbani bila ndoo, nguo imelowa, akanieleza yote kwa Kirundi.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, kikao kikaitwa. Mwalimu mkuu akamuuliza mtoto, haraka haraka, kama mle ndani aliingia kwa hiari yake. Neno hiari halijui. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mwalimu."

Nilisimama nikasema hajaelewa, aulizwe kwa Kirundi. Nikaambiwa kaa chini mama, mtoto mwenyewe amekubali. Yakaishia hapo. Mwalimu yule anafundisha mpaka leo.

Mume wangu anasema tunyamaze. "Tukirudishwa tulikotoka, hawa watoto utawaficha wapi?" Tena kuna mtu ameleta posa, na mume wangu anaelekea kuipokea, ati ndoa itamsitiri. Binti hataki kuolewa. Shule anaitaka, ila anaogopa kurudi. Juzi tunachambua maharage akaniuliza, "Mama, mwalimu anaambiwaje hapana?" Nikaenda nje kulia.

Kutoka makazini ni kwa kibali. Mwezi ujao nina kibali cha siku mbili, nampeleka mdogo wake hospitali ya Kitete, Tabora mjini. Nawaza nimchukue na huyu, tupite ofisi ya elimu ya mkoa, aulizwe upya kwa lugha yake. Lakini hayumo kwenye kibali, na baba yake akijua sijui nitalala wapi. Nikimwacha, nikirudi nitakuta posa imeshapokelewa. Na jana nimemwona mtoto wa jirani, ana miaka kumi na mmoja, amejitwisha ndoo anaelekea kwa mwalimu yule yule. Nilitaka kumwita, nikageuka nikaingia ndani.

Akina mama wenzangu, nanyi akina baba, sina mwingine wa kumuuliza. Niambieni, niende Tabora na mtoto mmoja, au wawili?